Mkono wa Kushoto wa Tansy

Mimi ndiye niliyempiga wa kwanza. Nalitanguliza hilo kwa sababu hapa Bethel Ridge wapo wanaosema ni kaka yangu, na wapo wanaosema ni baba. Uongo. Mkono uliomvunja Dewey meno ni huuhuu ninaoandikia.

Wiki jana niliwaacha nimesimama na bandeji kichwani mbele ya kifusi kilichokuwa nyumba ya Mama Verna. Wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nikueleze upesi. Naitwa Raylene. Nina mtoto mmoja, Tansy, wa miaka minne. Nilimkimbia mume wangu, Royce Sizemore, baada ya kunivunja taya, na mahakama ikamkataza asinisogelee mimi wala mtoto. Aliyenificha ni Mama Verna, mama mzazi wa Royce huyohuyo. Aliniambia, "Nimemzaa, ndiyo, lakini sikumzaa aje apige watoto wa watu."

Jioni ile vimbunga vilipoishukia Alabama nilikuwa chuoni, kwenye masomo yangu ya jioni ya uuguzi. Paa likatuangukia. Nilipozinduka hospitalini nikaambiwa mambo mawili: Mama Verna amekufa, na Tansy haonekani.

Haonekani. Hakuna aliyesema amekufa. Nikatoka hospitalini kabla daktari hajaniruhusu.

*

Mlango wa Mama Verna ulikuwa umelala matopeni, mbali na nyumba. Waokoaji walikuwa wameuchora alama kubwa ya X kwa rangi ya machungwa, na chini yake tarakimu moja: 1. Maana yake wamepekua, wametoa maiti moja, wamekwenda nyumba nyingine.

"Wameshapekua, Ray," Lyle, kaka yangu, aliniambia. "Alama si hiyo hapo?"

"Walikuwa wanatafuta watu wazima. Tansy anaenea kwenye kabati la sufuria."

"Ray, sikiliza..."

"Shika upande ule, tuinue."

Akashika. Lyle ana mwili wa ng'ombe dume na moyo wa ndama; ukimwambia ashike, anashika. Tukainua ukuta mzima wa jikoni. Chini yake kulikuwa na friji na kuku wawili waliokufa, hawana unyoya hata mmoja. Kimbunga kilikuwa kimepasua mabanda ya kuku ya bonde zima, na kuku kwa maelfu walikuwa wanaoza juani. Kila ulipovuta pumzi ulikuwa unawala.

"Ukumbini ulikwenda?" nilimuuliza tena, ingawa nilishamuuliza.

"Ukumbi wa shule nilikwenda. Yule mama anayegawa chakula aliniambia hakuna mtoto asiye na mwenyewe pale. Kila mtoto ameshaondoka na watu wa kwao."

"Ulimtajia jina?"

"Umeme hakuna, watu wanalia, nani anajua majina? Nilimwambia mtoto wa kike, nywele nyekundu. Akasema wote wameondoka na wenyewe."

Baba yangu, mzee Odell, hakuwa anachimba. Alikuwa amekaa juu ya boneti ya pikapu yake, bunduki mapajani, analinda. Alikuwa amepigilia ubao kwenye mti wa msonobari uliobaki nusu, akaandika: UKIIBA TUTAKUPIGA RISASI. HALAFU TUTAKUOMBEA.

Ng'ambo ya barabara, wanaume wa kanisa walikuwa wanakata miti iliyoanguka kwa misumeno ya injini. Mmoja alikuwa ametuletea turubai la bluu na mkate wa mahindi. Mkate sikuula. Nilikuwa natafuta kitu kimoja tu, kofia ngumu ya rangi ya waridi.

Huku kwetu, ving'ora vya kimbunga vikilia, mama humvika mtoto wake kofia ngumu, ya kuchezea mpira au ya baiskeli, yoyote iliyopo. Kisha huchukua maka peni akamwandika mkononi jina na namba ya simu. Mwenye kumwokota ajue ni wa nani. Siku ile redio ilionya mapema, nikamwandika Tansy mkono wa kulia, mezani kwa Mama Verna, kabla sijaondoka kwenda chuoni.

"Mama, unanitekenya!"

"Tulia. Na mimi nikisema kimbunga?"

"Nakimbia bafuni, naingia ndani ya bafu, nalala kifudifudi, naweka mikono hapa." Akajishika kisogo.

"Na unatoka lini?"

"Ukija wewe."

Tulikuwa tumeucheza mchezo huo tangu alipojua kutembea. Mtoto wangu hakosei hata hatua moja.

"Niachie hiyo kalamu," Mama Verna akasema.

"Ya nini?"

"Wewe nenda, utachelewa darasa. Mtoto si ana mikono miwili?"

Nikacheka. Nilidhani anataka kumchorea ua, kama kawaida yake.

Simu ile niliyomwandikia namba yake, mimi mwenyewe sikuiona tena. Iko chini ya paa la chuo.

*

Baba ndiye aliyemwona mtu kwanza.

"Wewe! Simama hapo!"

Mtu alikuwa anatokea nyuma ya nyumba, amejikunja, gunia begani. Likagongana na kitu, likalia chuma kwa chuma. Wote tulimtambua kwa mwendo. Dewey. Mji mzima tunamwita Dewey Shaba, kwa sababu hakuna bomba wala waya wa shaba uliowahi kulala salama mahali alipopita yeye. Nilisoma naye darasa moja. Alikuwa mchekeshaji kabla dawa za kulevya hazijamla.

"Dewey!" Lyle akafoka. "Hata msibani? Mama wa watu hajazikwa, wewe umeshakuja kung'oa mabomba?"

"Lyle, ngoja, bwana. Ray yuko wapi? Nilikuwa nina..."

Hakumaliza. Lyle alivuta gunia, likapasuka. Zikamwagika bomba za shaba, waya, mfereji wa sinki. Na katikati yao ikabingirika kofia ngumu ya baiskeli, ya waridi, yenye stika ya bata.

Ile stika niliibandika mimi.

Sikumbuki kuvuka uwanja. Nakumbuka mtaimbo mfupi mkononi mwangu, ule niliokuwa nainulia mbao, na nakumbuka sauti, kama mtu amekanyaga kikombe. Dewey akaenda chini. Nikampiga tena, begani. Alinyanyua mikono nikampiga mikono.

"Umemvua! Umemvua mwanangu kofia! Umemvua maiti!"

Lyle akaingia na buti. Kaka yangu, ambaye hawezi kuchinja kuku, alimpiga teke la mbavu, na jingine, analia huku anapiga. "Mtoto! Mtoto mdogo, wewe mbwa! Mtoto!"

Dewey alikuwa anajaribu kusema. Kila akifungua kinywa ilitoka damu tu na vipande vyeupe. Akajikunja, akatazama juu, akanitafuta mimi kwa macho. Kisha akafanya jambo la ajabu. Akajisugua mkono wa kulia kwa kidole. Halafu mkono wa kushoto. Kulia, kushoto.

"Anaomba msamaha," Lyle akasema, na akampiga teke tena.

Baba alikuwa ameshafika. Hakukimbia, baba hakimbii. Akaweka mdomo wa bunduki kwenye shavu la Dewey.

"Sogeeni, watoto," akasema kwa upole, kama anayetuomba tumpishe mezani.

Dewey akafumba macho. Mikono yake haikuacha. Kulia. Kushoto. Akawa anaandika juu ya ngozi kwa kidole chake, anaandika hewa.

Ndipo nikaelewa.

"Baba, usipige! Ameuona mkono wa Tansy! Baba!"

"Sogea, Raylene."

Nikaurukia mtutu. Bunduki ikalia. Masikio yangu yakajaa nyuki. Nilijipapasa tumbo kwanza, nikakuta nimepona, halafu nikasikia Dewey analia kama mbuzi. Marisasi yalikuwa yamemchana muundi.

Ng'ambo ya barabara misumeno ikanyamaza. Mtu wa kanisa akapaza sauti, "Mzee Odell! Kuna nini huko?"

"Nyoka!" baba akajibu.

"Mkubwa?"

"Wa kawaida!"

Misumeno ikaanza tena.

*

Nilipiga magoti matopeni. Nilimlaza Dewey ubavu, nikamwingiza kidole kinywani nikamtoa meno ili yasimpalie, nikamfunga muundi kwa shuka la Mama Verna. Mkono uliompiga ndio uliokuwa unamhudumia.

"Dewey. Nimekuumiza, najua. Nipige baadaye. Sasa niambie. Umemwona Tansy?"

Akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Hai?"

Akatema damu. Akaongea kama mtu mwenye kiazi cha moto kinywani. "Hai. Anaongea hana breki."

Lyle akakaa matopeni. Baba hakushusha bunduki.

"Anadanganya apone," baba akasema. "Dewey huyu angemuuzia Mungu mabomba ya Mbinguni."

"Mwache aseme, baba!"

Akasema, kipande kwa kipande. Nawaandikia kwa mfululizo, yeye alinipa kwa mafungu, na katikati ya kila fungu nilikuwa namfuta mdomo.

Kimbunga kilipopita tu, kabla hata waokoaji hawajafika, Dewey alikuwa ameshaingia kwenye kifusi cha Mama Verna.

"Kufanya nini?" Lyle akauliza.

"Usiniulize."

Akasikia mtu anagonga chuma. Akafuata sauti. Bafu la chuma lilikuwa limepinduka, na juu yake alikuwa amelala Mama Verna, mgongo umevunjika, mikono imeshika kingo za bafu pande zote mbili.

"Nilimsogeza, Ray. Nilimsogeza kama gunia, mama wa watu. Aliwahi kunipa viatu." Dewey akaanza kulia, na kulia kulimuumiza mdomo. "Nikainua bafu. Kamtoto kako kifudifudi. Mikono kisogoni. Nikakaambia toka. Kananiambia, sitoki mpaka mama aje."

Nilijiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Nikakaambia mama yako amenituma. Kananiuliza, mbona unanuka?"

Lyle alicheka na kulia kwa pamoja, kamasi zikamtoka.

Dewey akambeba mpaka ukumbi wa shule. Kofia ya mtoto aliitia kwenye gunia lake, ikabaki humo. Jina lake hakutoa, maana polisi wana maswali naye. Akamkabidhi Tansy kwa yule mama wa chakula, akakaa nje ya dirisha, apate sahani ya kuku na aone mtoto anapata mtu.

"Wakapiga namba ya mkono wa kulia," akasema. "Wakapiga, wakapiga. Hakuna."

Simu yangu. Chini ya paa.

"Halafu yule mama akasema, mbona na huku kumeandikwa? Akafunua mkono wa kushoto."

Kabla hajasema nilikuwa nimeshajua. Nilimwona Mama Verna, king'ora kinalia, mikono yake ya mifupa inamshika mjukuu, anawaza: mama yake yuko mbali, akifa je? Mimi nikifa je? Huyu mtoto atabakiwa na nani? Na hofu ikamwandikisha namba moja tu aliyokuwa anaijua kwa moyo kwa miaka yote. Namba ya mwanawe.

"Royce," nikasema.

"Alikuja na pikapu nyekundu. Akaonyesha kitambulisho. Sizemore, na mkononi Sizemore. Mtoto akamwita baba. Wangefanyaje?"

Hakuna mtoto asiye na mwenyewe. Kila mtoto ameondoka na watu wa kwao.

"Na wewe ukanyamaza?" Baba alimsukuma Dewey kwa ncha ya buti.

"Mzee, mimi nilijuaje? Kwangu mimi ni baba yake! Leo ndiyo nimesikia kwenye foleni ya chakula kwamba Ray anachimba hapa kutafuta mtoto. Nikajua kuna kitu. Nikaja kumwambia. Nikaja na kofia."

"Na hizo bomba?" Lyle akauliza.

Dewey akatazama pembeni. "Zilikuwa njiani."

*

Laiti ningenyamaza pale. Laiti ningemvuta Lyle pembeni kwanza, nikampeleka polisi, nikatulia. Lakini mama aliyeambiwa mwanawe yu hai hatulii.

"Wako wapi?" nikauliza, kwa sauti, mbele ya baba.

"Gum Creek, nyuma ya kilima. Kwenye ile nyumba ya zamani ya mjomba wake, kimbunga hakikuigusa. Nimeiona pikapu asubuhi."

"Ulikuwa unafanya nini Gum Creek?"

"Usiniulize. Nyumba nzuri ile. Ina bafu la chuma la kizamani, lile lenye miguu ya simba. Nilijaribu kulitoa likanishinda, zito kama dhambi." Akakohoa. "Halafu nikachungulia dirisha la mbele. Royce amelala kwenye kiti. Mezani ana bunduki mbili na chupa."

Baba akaikunja bunduki yake katikati ili ifunguke, akatoa ganda tupu, akatia risasi mpya. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama mtu anafunga pochi.

"Lyle," akasema. "Gari."

"Baba, hapana. Tunaita polisi."

"Polisi gani? Barabara zimefungwa, wote wako mjini wanatoa maiti. Alipokuvunja taya nilikusikiliza. Ukasema baba, acha, mahakama itaamua. Nikaacha. Mahakama iko wapi leo, Raylene? Nionyeshe. Hata paa haina."

"Tansy yuko ndani ya nyumba ile!"

"Ndiyo maana nakwenda."

"Marisasi hayachagui, baba! Hujaona sasa hivi? Ulimlenga shavu, umempata mguu!"

"Kwa sababu uliushika mtutu."

Nilimng'ang'ania. Baba yangu hajawahi kunipiga tangu nizaliwe. Alinisukuma kwa kiganja kifuani, nikaangukia mbao, bandeji ikalowa. Lyle alinitazama, akamtazama baba, na kaka yangu yule mwenye moyo wa ndama akafanya anavyofanya siku zote: aliambiwa ashike, akashika. Akashika usukani.

Niliikimbilia pikapu. Nikagusa bati la nyuma. Ikaniacha na matope usoni.

"Simu!" nikamrudia Dewey. "Una simu?"

Akaingiza mkono kwenye soksi, akatoa moja, ina kasha la maua.

"Ya nani hii?"

"Usi..."

"Nipe!"

Namba ya Royce naijua. Kuna namba unazijua kwa mapenzi na nyingine kwa hofu. Hii nilianza kuijua kwa mapenzi. Kutoka hapo mpaka Gum Creek kwa gari ni mwendo wa wimbo mmoja au miwili redioni. Nilibonyeza huku nawaza: polisi kwanza au yeye kwanza? Vidole vikawa vimeshaamua.

Ikaita. Ikapokelewa.

"Halo? Hapa ni kwa baba."

Mbingu na ardhi. Sauti yake.

"Tansy. Mwanangu. Ni mama."

"Mama! Mbona hukuja? Nilikaa kwenye bafu mpaka bibi akalala."

"Najua, roho yangu. Ulifanya vizuri. Ulifanya vizuri kuliko watu wote. Umekula?"

"Biskuti. Mama, mkono unaniuma."

"Mkono upi?"

"Wako. Ule wa namba yako. Baba ameusugua kwa petroli na brashi ya viatu. Nilimwambia basi, baba, inatosha. Akasema bado inaonekana."

Dewey alikuwa amesikia; akafumba macho.

Nikasikia kiti kinavutwa, na sauti nyingine ikaja, ya taratibu, ile iliyokuwa inakuja kila mara kabla ya ngumi.

"Raylene. Kumbe umepona. Nimefurahi."

"Royce, mtoto anahitaji daktari wa mkono huo."

"Mama yangu alikuwa na akili, unajua? Kila mtu alidhani amenitupa. Lakini dakika ya mwisho kabisa alijua mtoto ni wa nani. Namba sasa imebaki moja."

"Mama yako alikufa juu yake, Royce. Alikufa amemfunika."

Nilisikia chupa inagusa meza. Kwa nukta moja nilidhani nimempata, mtu yule niliyewahi kumpenda.

"Usimtaje mama yangu," akasema. Kisha: "Simu hii si yako. Uko na nani?"

"Peke yangu."

"Na baba yako? Mzee Odell yuko hapo na wewe?"

Ndugu zangu, nilikuwa nimeshika simu mkono huu, na mkono huu nimeshika kofia ya waridi. Mlio wa pikapu ya baba ulikuwa umeshavuka kilima, sikuusikia tena. Nikisema yuko hapa, watamkuta Royce amekaa, na baba atapiga risasi ndani ya chumba chenye mwanangu. Nikisema hayupo, Royce atawangoja mlangoni na bunduki mbili, na nitakuwa nimemzika baba na kaka kwa neno langu mwenyewe.

"Nimekuuliza, Raylene."

"Nitakujibu. Niache kwanza nimuage mtoto. Neno moja."

Akacheka puani. Alipenda sana kunisikia naomba. "Sema. Nimefungua spika. Sote tunakusikia."

Dewey alinishika upindo wa sketi. Macho yake yalikuwa makubwa. Na mimi, ghafla, nikaliona bafu lile, zito kama dhambi, na miguu yake ya simba.

"Tansy?"

"Naam, mama."

"Kimbunga!"

Nikasikia biskuti inaanguka. Nikasikia miguu midogo, pekupeku, inakimbia juu ya mbao, inakwenda mbali na simu. Mtoto wangu hakosei hata hatua moja.

"Umemwambia nini?" Royce akafoka. "Wewe Tansy! Rudi hapa! Umemwambia nini mtoto?"

Mlango wa ndani ukabamizwa. Halafu, nyuma ya sauti yake, nikausikia tena mlio wa pikapu ya baba, safari hii kwa masikio ya Royce. Kiti kikaanguka. Simu ikagonga sakafu, lakini haikukatika.

Mlio wa kwanza wa bunduki niliusikia mara mbili. Mara moja simuni, na mara ya pili kutoka nyuma ya kilima.

Ng'ambo ya barabara misumeno ikanyamaza tena. Mtu wa kanisa akaniuliza kwa sauti kama ni nyoka mwingine.

Nilikuwa nimeikumbatia ile kofia, naitazama stika ya bata, nawaza kwamba mwanangu amelala kifudifudi, mikono kisogoni, hatatoka mpaka mimi nije. Na kichwa chake kiko wazi.